Ameshika au Ameona?

"Na usiniambie eti wanafanya kwa kikundi. Kikundi chenyewe nimekiona kwenye picha. Vichwa kibao, mikono ya mtoto mmoja."

Msusi alikuwa anaongea huku anasuka, na alipofika kwenye "mmoja" akavuta nywele kama anafunga mzigo.

"Shoga," mteja akasema taratibu, machozi yakimlenga, "mimi sina hata mtoto kwenye hiyo shule."

"Pole. Lakini shika simu uone mwenyewe."

Mteja akashika simu. Ilikuwa picha iliyotumwa kwenye grupu la wazazi wa darasa la tatu. Katikati amekaa mtoto wa Mama Kava, tableti mapajani, anatabasamu kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza. Nyuma yake wenzake wamebanana, shingo zimewatoka. Na pembeni kabisa, pale picha inapoishia, kuna shanga nyekundu mbili za kwenye nywele zinaning'inia.

"Umeziona hizo shanga?"

"Nimeziona."

"Basi huyo ndiye mwanangu. Wenzangu wana watoto kwenye picha, mimi nina shanga."

Mteja akacheka, akavutwa tena.

Tableti za darasa la tatu zilinunuliwa kwa michango ya wazazi wote, na Msusi alichanga kama wengine. Zilikuwa chache, kila meza ilipata moja. Lakini sifa zote alizibeba mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule wanayemwita Mama Kava kwa sababu yeye ndiye aliyezinunulia tableti zile kava za bluu, na tangu siku hiyo hajawahi kumaliza kikao bila kuzitaja. Mama Kava alifanya kazi ofisini, ana begi la magurudumu, ana sauti laini kama ya mtu anayetangaza ndege imefika. Kila Alhamisi aliingia darasani kumsaidia mwalimu kusimamia kipindi cha tableti, na kila Ijumaa akatuma picha. Wazazi wakajibu kwa vidole gumba na makofi. Msusi hakujibu. Alikuza tu picha kwa vidole viwili kutafuta shanga.

Tuseme ukweli, alikuwa anamwonea wivu. Si wivu wa kujificha. Alimwonea wivu kwa lile begi. Alimwonea wivu kwa jinsi mwalimu alivyomchekea na kumgusa bega wakati wa kuagana, wakati yeye akifika getini anaambiwa "mzazi, subiri hapo nje". Na kilichomuuma zaidi kilitoka nyumbani kwake mwenyewe.

"Mama," binti yake alimwambia siku moja huku anachambua mafungu ya nywele bandia, "Mama Kava anajua kufungua tableti hata ikigoma. Wewe unajua?"

"Mimi najua kufungua nywele zilizogoma. Mwambie Mama Kava ajaribu."

Binti huyo saluni nzima ilimwita Meneja. Alianza kazi kabla hajaanza shule. Pale saluni, mtu akipakwa dawa ya kulainisha nywele, Msusi anatega kengele ya simu, kwa sababu dawa ikizidi muda inaunguza kichwa. Kengele yenyewe inalia kama jogoo. Jogoo akiwika, hata kama umbea umefika patamu, hata kama ni mke wa mwenye nyumba, unanyanyuka unaenda kuoshwa, na Meneja anapaza sauti: "Anayefuata." Hakuna aliyewahi kumbishia Meneja. Wapo watu wazima waliojaribu kupita mbele ya foleni na mtoto huyo akawarudisha kwa kuwatazama tu.

Lakini mtoto huyohuyo akifika darasani anageuka shanga. Kila Alhamisi jioni Msusi aliuliza swali lilelile.

"Leo umeshika?"

"Nimeona."

"Sijauliza umeona. Umeshika?"

"Anashika anayejua, mama. Sisi tunaona."

Basi kikao cha wazazi kilipoitishwa, Msusi alienda mapema. Waliketi darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mama Kava alisimama mbele, akashukuru, akazitaja kava. Alipouliza kama kuna swali, Msusi alikuwa ameshasimama zamani.

"Mimi nina moja. Kwa nini kila picha mwenye tableti ni mwanao?"

Baba mmoja aliyekuwa anasinzia akafumbua macho, akajiweka vizuri.

"Mama Meneja," Mama Kava akasema kwa ile sauti ya uwanja wa ndege, "watoto wanajifunza kwa kushirikiana."

"Wanashirikiana nini? Mwanao ana mikono, wangu ana shingo."

Watu wakacheka. Mama Kava hakucheka. Mwalimu, binti mdogo tu anayefundisha darasa lililojaa mpaka dirishani, akaingilia.

"Ngojeni niseme ukweli. Mimi ndiye ninayempa yule anayejua. Nikimpa asiyejua ikajifunga, nusu ya kipindi imekwisha nahangaika na meza moja, na wengine wananipandia madirisha. Mzazi mmoja hatoshi. Kila siku naomba wazazi waje, anakuja Mama Kava peke yake."

Hilo Msusi hakulitegemea. Lilimchoma, kwa sababu lilimpa yule mwanamke haki.

"Si kila mtu anaweza kufunga biashara," Mama Kava akaongeza, kwa huruma ya kuudhi. "Tunaelewa."

"Nani kakwambia siwezi? Alhamisi nakuja. Wewe pumzika."

Alhamisi saluni ilifungwa. Msusi alivaa hereni kubwa na gauni la harusini, akaenda kumkomoa mtu. Mwalimu alimkabidhi meza ambayo binti yake na mtoto wa Mama Kava walikaa pamoja. Msusi akachukua tableti, akampita mtoto wa Mama Kava aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaiweka mbele ya Meneja.

"Shika."

"Mimi?"

"Kuna mwingine anaitwa wewe?"

Meneja akashika. Mwanzoni alishika kama sahani ya moto, halafu kidole kikazoea, picha za hesabu zikaanza kutembea. Msusi akapiga picha. Aliwapanga vizuri: mwanawe katikati, na mtoto wa Mama Kava nyuma, jicho moja tu linaonekana. Akaituma kwenye grupu papo hapo. Hakuandika neno. Nisikudanganye, alisikia utamu, utamu wa kunywa maji baridi ukiwa umetoka juani. Alitazama simu kuona kama Mama Kava ameiona. Alikuwa ameiona. Msusi akatabasamu peke yake.

Ndipo akasikia sauti ya mwanawe.

"Wewe ona tu."

Meneja alikuwa anamwambia mtoto wa fundi viatu wa mtaani kwao, kasichana kadogo kuliko wote pale mezani, kalikokuwa kamesogeza kidole kugusa kioo. Kasichana hakakubisha. Kakarudisha mikono nyuma ya mgongo, kakasema kwa upole, kama anayejibu salamu, "Naona."

Msusi tabasamu likamwisha. Neno lile alikuwa analisikia kila Alhamisi jioni nyumbani kwake, na alikuwa anadhani limetungwa kwa ajili ya mwanawe peke yake. Alitazama zile shingo zilizobanana. Hakuna kilichobadilika kwenye picha aliyotuma, isipokuwa aliyekaa.

Akafungua simu, akatega kengele ya muda mfupi, akaiweka katikati ya meza. Meneja alipoiona akajua. Alianza kubonyeza harakaharaka, kama mtu anayekula kabla sahani haijaondolewa.

Jogoo akawika. Darasa zima likacheka, mpaka mwalimu akaziba mdomo. Meneja hakucheka. Aliikumbatia tableti kifuani.

"Mama, kwani mimi si mwanao?"

"Ni mwanangu. Jogoo amewika."

"Bado kidogo tu."

"Saluni ukimwambia mteja anayefuata, naye akakwambia bado kidogo, unamjibu nini?"

Mtoto akatazama chini. Midomo ikamcheza. Msusi naye moyo ulikuwa unamvuta kuizima ile simu, kumwachia mwanawe kipindi kizima, kwani wale wengine walimwachia nini? Lakini Meneja alishanyanyuka. Akasema kwa sauti yenye kamasi, "Anayefuata," akampa mtoto wa fundi viatu.

Na ndipo ilipogoma. Kasichana kaligusa pasipotakiwa, kioo kikawa cheusi, halafu kikadai kuchorewa alama ya kufungulia. Mwalimu kutoka meza ya mbali akashika kichwa. Mtoto wa Mama Kava akanyoosha mkono kuichukua.

"Tulia hapo," Msusi akamwambia, kwa ukali uliomstahili Mama Kava, si mtoto. "Unajua inavyofunguliwa?"

"Najua, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie. Usimshikie."

Mtoto akababaika. Hajawahi kuombwa aseme, alizoea kufanya. Akanyoosha kidole hewani, akachora: juu, pembeni, chini, rudi katikati. Kasichana kakamfuata kwenye kioo. Kakakosea. Akachora tena polepole, safari hii watoto wote wa meza wakachora naye hewani, vidole vimesimama kama wanaandika ukutani. Kioo kikafunguka. Meza ikapiga kelele, na Meneja, mwenye kamasi zake, alipiga kuliko wote.

Jogoo aliwika tena na tena mpaka kipindi kikaisha. Ilipofika zamu ya mtoto wa Mama Kava, Msusi alitamani amruke. Kweli alitamani. Akampa, akageuka kutazama dirishani.

Ungedhani hapo wivu ulikwisha. Ijumaa, akiwa amemshika mteja yuleyule kichwa, simu ikalia. Mama Kava ametuma ujumbe mrefu: kamati yake imeanzisha utaratibu mpya wa zamu kwa kengele, ili kila mtoto anufaike. Makofi yakamiminika. Jina la Msusi halikuwemo. Jogoo hakutajwa.

"Kamati yake," Msusi akasema, akavuta.

"Shoga, kichwa."

"Kamati yake, na jogoo wangu."

"Si watoto wanashika lakini?"

Msusi akaandika jibu refu lenye maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Akajiambia, acha abebe sifa, mradi Alhamisi Meneja ashike.

Alhamisi iliyofuata hakuweza kwenda. Kulikuwa na bibi harusi, na bibi harusi huwezi kumwambia kesho. Jioni Meneja akaingia, akatupa begi, akaanza kuchambua nywele bandia bila kusalimia.

"Umeshika?"

Meneja akaendelea kuchambua.

"Meneja. Umeshika?"

"Nimeona," mtoto akasema. "Mama Kava alitega kengele meza moja tu, ile ya kupigwa picha. Mimi nilihamishiwa meza ya dirishani, na huko mwalimu alisema hakuna mtu wa kukaa na sisi."

Msusi aliweka kitana chini. Akamtazama mwanawe, akatazama foleni ya wateja mpaka mlangoni, akapiga hesabu ya meza zile na wazazi wale wote waliopiga makofi kwenye grupu. Meza zilikuwa kibao na yeye alikuwa mtu mmoja mwenye kodi ya fremu ya saluni. Hata angegombana na Mama Kava mpaka sauti ikauke, bado meza zingebaki bila mtu.

Akachukua simu, akaandika kwenye grupu kwa mara ya kwanza tangu aingizwe. Aliandika: "Makofi yenu yametosha. Alhamisi ijayo mimi nakaa meza ya dirishani. Nani anakaa meza nyingine?"

Waliousoma ujumbe huo ni wengi. Hadi naandika haya, aliyejibu ni fundi viatu peke yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mwenye mtoto shule ya msingi, usijifanye hadithi hii ni ya kina Msusi. Jioni ya leo usimuulize mtoto kama shule ina tableti. Muulize ameshika au ameona. Akikwambia ameona, funga duka, omba ruhusa kazini, nenda ukakae kwenye meza yake, na ukifika utege kengele. Mtoto wako naye jogoo akiwika, aachie.