Mwendo wa Udi Wangu

Jamani, aibu ile sijaisahau, ila kuinamisha kichwa siinamishi, maana kosa halikuwa langu. Nilikuwa kibarua kiwanda cha dawa ya wadudu, Temeke, na siku hiyo nikitoka kazini naenda moja kwa moja harusini, basi asubuhi nikafukiza gauni na kanga kwa udi mpaka majirani wakajua nina shughuli. (Ndani nilivaa shumizi niliyoishona kwa mfuko wa sembe, enzi hizo madukani nguo hakuna, na nani angeiona?)

Kumbe langoni wamefunga mashine ya kunusa wanaoiba dawa. Inavuta hewa, mvuke unakimbizwa ndani ya kibomba, kila mvuke na mwendo wake, ikikuta mwendo wa dawa inalia. Tunatoka jioni, wenzangu wote wanapita mashine hailii, nafika mie, ikalia.

Mzee Sefu, mlinzi, akamuuliza mtaalamu wa mashine kibandani, "Vipi huyu?"

"Mwendo ndio wenyewe," akajibu, macho kwenye sindano za mashine yake.

Mzee Sefu akawageukia watu. "Mtaalamu anasema mwendo wa Zuhura si mzuri."

Mie, mke wa mtu, mbele ya zamu nzima! Nikapelekwa nyuma ya pazia kupekuliwa na mama mmoja, akapandisha gauni, nikamshika mkono, tukavutana, pazia likaanguka, na watu wote wakasoma matakoni kwangu: SEMBE DARAJA LA KWANZA. Walicheka wengine wakakaa chini. Dawa haikuonekana, lakini nikaambiwa nisirudi kazini mpaka niitwe, na harusini nikakuta shangazi zake mume wangu wananong'ona habari za mwendo wangu. Niliumia sana.

Kesho yake sikungoja kuitwa. Nikaenda na chetezo.

"Shikamoo Mzee Sefu."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimeleta shahidi." Nikatia udi kwenye makaa, nikakisogeza chetezo kwenye mdomo wa mashine, zamu nzima inatazama. Ikalia vilevile. "Haya mzee, na hiki mwendo wake mbaya? Kimetembea na nani?"

Mtaalamu akatoka mbio. "Mama, kumbe mvuke wa udi na wa dawa mwendo mmoja! Mie nilisema mwendo wa mvuke, sikusema wa mtu."

"Usiniambie mie. Waambie wao, na kwa sauti."

Akawaambia, na siku hiyohiyo nikaingia kazini.

Basi nimeapa: shumizi ya mfuko sivai tena. Udi siachi. Na wale walioniita Daraja la Kwanza mpaka nastaafu, nilikuwa nawaitikia.