Mtoto Niliyemwacha Shambani Msanzi

Nilifunga safari kwa sababu nilimpiga binti yangu Neema kofi, na kosa lake lilikuwa kulia. Kulia tu, jamani! Mshauri wa zahanati hapa Mbeya akaniambia, "Ndani yako hauko peke yako, dada. Yupo mkali, yupo mchapakazi, na yupo mtoto ambaye hao wawili wanamficha. Nenda kamsikilize." Nilimcheka. Wiki haikuisha nikakata tiketi ya kurudi nilikokulia.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Tukaipita Tunduma, tukaipita Laela, baridi ya Ufipa ikaanza kupenya dirishani. Yule mkali wa ndani yangu alinisema njia nzima: mtu mzima na akili zako, unafuata nini huko?

Sumbawanga nililala nyumba ya wageni, mtaa wa Malangali. Asubuhi nikapanda gari la Msanzi.

Shangazi aliyenilea nilimkuta shambani, anafukia majani kwenye yale matuta yetu ya duara ili yaoze, mwakani apande ulezi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Mbeya hawali?"

Sikuzunguka. Nilimkumbusha siku aliyozikwa mama, nikiwa na miaka minane. Alinipa jembe, akasema mvua zinaisha, nimalizie matuta, tena nisilie maana wadogo zangu wataniiga. Nyimbo za mazishi nilizisikilizia humo shambani, nalima.

"Siku hiyo?" Alifikiri sana. "Sikumbuki, mama. Sikumbuki kabisa."

Niliumia, nisidanganye. Miaka thelathini nimebeba neno ambalo aliyelisema hana habari nalo. Nani sasa wa kuniomba radhi? Nikasema kwa sauti, "We mtoto, weka jembe chini. Twende ukamzike mama."

Shangazi alinishika mkono hadi kaburini, nikalia mpaka khanga ikalowa. Yule mkali alinyamaza kimya. Kumbe miaka yote alikuwa akimlinda mtoto yule asigombezwe kwa machozi yake. Nilimwonea huruma hata yeye.

Siku ya tatu, jioni, nilifika nyumbani. Neema alinifungulia mlango. Nikainua mkono nimkumbatie. Akajikunja, akafunika shavu. Wala hakulia.

Hapo ndipo nilipojifunza: nilivyofundishwa kuficha machozi, nami nimemfundisha Neema kuyaficha. Nikaketi sakafuni, mikono magotini.

"Lia, mwanangu. Sikunyamazishi."

Alinitazama tu. Hadi leo hajalia mbele yangu, nami bado nangoja.