Chumba Chenye Paa Lake

Watu wanaojenga huniuliza habari za matofali. Nami huwauliza: nani atakuja kuugulia humo? Wananitazama kama mchawi. Lakini nyumba za huku Nyamira hujengwa kwa kuwafikiria watoto, harusi na wageni wa Desemba. Mgonjwa hafikiriwi, na mgonjwa naye hana adabu ya kungoja ukarabati.

Yetu iko upande wa Sironga, kwenye mteremko, katika shamba la baba mkwe. Mambo mengine tulifanya vizuri, nisijinyime sifa. Tulichimba mtaro wa maji juu ya kiwanja kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu mvua ya huku ikishuka mlimani haibishi hodi. Ukuta wa nyuma hatukuubana na udongo wa mlima. Tuliacha njia ya mtu kupita. Ramani ndiyo iliyotuponza. Mume wangu aliitoa kwenye simu, nyumba ya watu wa mjini: mlango mmoja mbele, sebule, korido, vyumba vya kulala huku na huku, na choo mwisho wa korido. Kwenye picha ilipendeza sana. Hakuna aliyejiuliza baba mkwe angefikaje chooni.

Kwa mtu wa mbali hilo si swali. Angetembea, basi. Lakini Wakisii wana kitu wanachokiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, isiyomruhusu mzazi kukaribia kitanda cha mwanawe aliyeoa. Siku hizi baba ataingia sebuleni kwa maombi, atakunywa chai, atatoka. Kupita milango ya vyumba vya kulala, ng'o. Mimi ni mtoto wa kando ya ziwa, na kwetu mambo kama haya yapo, kwa hiyo yalipotufika sikushangaa. Nilikasirika tu.

Baba mkwe aliishi chini yetu, katika nyumba yake ya udongo, kaburi la mama mkwe likiwa ubavuni mwake. Ukingo wa mlima nyuma ya nyumba hiyo ulikuwa umeanza kuporomoka na kuusukuma ukuta, hata ukaota tumbo. Kisha siku moja akateleza njiani akienda chooni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini tuliambiwa asipande wala asishuke mteremko, alale pakavu, na choo kiwe karibu. Pakavu palikuwa kwetu tu. Mabinti zake wameolewa, na nyumbani kwa mkwe ndiko asikokwenda kabisa.

Teksi ilisimama mbele ya mlango wetu. Hakushuka.

"Hiyo ni nyumba ya mtoto wangu," alimwambia mume wangu. "Nikalale wapi humo, mgongoni mwake?"

Wazee wa kanisa wakaitwa, wakamkumbusha kwamba Kristo alikwisha kutuweka huru na mambo ya kale. Akawasikiliza mpaka mwisho. "Yesu hakuwa na mke wa mtoto," akasema. Wakacheka, na baada ya kicheko kile maombi hayakwenda vizuri. Tukambeba kwenye kiti, tukamrudisha kwake, karibu na ule ukuta wenye tumbo, na mvua za masika zilikuwa njiani.

Asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka langu la dawa mjini, nilikuwa nampelekea uji. Mama mkwe alipokuwa hai niliingia jikoni mwake kama kwangu. Tangu afariki, kwa chinsoni hiyo hiyo, kizingiti kile kilikuwa ndio mwisho wangu: naweka kikombe kwenye kigoda, nakohoa, naondoka. Yeye hunishukuru huku akiutazama mgomba. Kwa hiyo ufa uliofunguka kwenye ukuta ule niliuona kutoka nje tu. Mwanzoni ungeingiza ukucha. Baadaye niliingiza vidole. Ile methali ya kuziba ufa haikutungwa na mtu wa milimani. Ufa huu ungeuzibaje, na mlima mzima umeegemea upande wa pili?

Mume wangu alitaka kuongeza chumba kando ya nyumba yetu na kukitobolea mlango wa kuingia korido. Wanaume, bwana!

"Ukitoboa mlango, hicho kimekuwa chumba chetu," nikamwambia. "Hebu nenda ukamuulize mwenyewe anataka nini."

Akaenda, akarudi na masharti. Chumba kiwe na ukuta wake, usiegemee wetu. Kiwe na paa lake, lisigusane na letu. Mlango utazame chini, liliko kaburi la mke wake. Na kati ya ukuta na ukuta paachwe upenyo ambao fimbo yake itapita.

Nilidhani fundi atatucheka. Kumbe alifurahi. Alisema msingi mpya huzama kidogo unapoukalia udongo, na ukiunganisha ukuta mpya na wa zamani, pale pale mlipouunga ndipo utakapopasuka. Basi anayeongeza chumba na asikie: kipe msingi wake, kipe kuta zake, kiache kikae peke yake. Hapo mila na simiti zilipatana, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Mvua ilituchelewesha. Ukuta uliojengwa asubuhi unaoshwa alasiri, unafunikwa kwa nailoni, unangojewa. Mimi nilitaka paa lipande tu, hata bila plasta. Nilimfokea fundi, nikamfokea mume wangu, nikaifokea hata toroli. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kama matusi. Kila nikipeleka uji nilikuta tumbo la ukuta limeongezeka, na yeye amelala nyuma yake akisikiliza redio.

Paa lilipopanda, maji ya mabati yetu yakawa yanamwagika ndani ya ule upenyo. Fundi akapigilia kipande cha bati juu yake, kutoka paa letu hadi la pili. Kazi safi kabisa. Baba akabebwa kuja kuangalia. Akainua uso, akatazama sana.

"Yameshikana mikono," akasema, akaomba arudishwe.

Lo! Siku hiyo nilitamani kulia, na nililia, nyuma ya lundo la mchanga. Mzee huyu atazikwa na heshima yake, nikasema, tena wiki hii hii. Mume wangu alichukua nyundo akaling'oa lile bati yeye mwenyewe. Fundi akafunga gata ya kukingia maji kwenye paa letu peke yake, ikapita chini ya ukingo wa paa la pili bila kuligusa. Bomba la choo tulichomjengea baba humo linaingia katika shimo letu la maji taka. Ya chini ya ardhi hakuuliza, nasi hatukusema.

Akaletwa tena. Akiwa ameketi kwenye kiti, aliomba fimbo, akaipitisha upenyoni kuanzia chini hadi mkono wake ulipoishia, polepole. Haikugusa kitu.

"Haya," akasema.

Alihamia mchana ule ule, na godoro lake, redio yake, na picha ya mama mkwe.

Nyumba ya chini ilianguka kabla plasta ya chumba kile haijakauka vizuri. Ilikuwa alasiri, mvua ya mawe imetuvamia ghafla, nami nilikuwa naanua nguo. Nikasikia kishindo. Nikakimbia hadi kona ya chumba chake, mahali ambapo unaona bonde lote. Ule ukuta wenye tumbo ulikuwa umelala juu ya kitanda cha zamani, na bati moja lilikuwa likipigapiga kwa upepo. Kaburi halikuguswa. Nilikuwa nimezikumbatia nguo zilizolowa, mvua ya mawe ikinipiga kichwani. Yeye alikuwa ameketi mlangoni pake, anatazama kule kule.

"Iliningoja," akasema.

Nilisimama pale nje ya kizingiti, kama nilivyozoea. Akageuza uso akanitazama, mimi, siyo mgomba. Kisha akaanza kukisukuma kiti chake nyuma, kwa shida, miguu ya kiti ikikwaruza simiti, mpaka mlango ukawa wazi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Hapa ni kwangu. Ingia usilowe."

Nikavua viatu, nikaingia. Sakafu ilikuwa kavu.