Kichura Uzeeni

Shule nilisoma kidogo, lakini kuruka kichura nilihitimu. Enzi zetu ukichelewa namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi, mwalimu anakuchuchumalisha, unashika masikio, unaruka kama chura mbele ya wenzako, nao wanacheka. Ilikuwa adhabu. Nimeishi mpaka nimeona watu wazima wa Nyakato, wenye vitambi na kazi za ofisini, wanamwomba kijana awape adhabu ile ile, na wakimaliza wanasema, "Asante, kocha." Majina yao ninayo yote kichwani. Siyaandiki kwa sababu wengine bado wananiamkia.

Nyakato nilipelekwa na magoti. Kwangu ni Butiama, na choo changu ni cha shimo. Siku moja niliingia vizuri, nikachuchumaa vizuri, kunyanyuka ndiyo ikashindikana. Nikakaa pale naita mpaka jirani aliyekuwa anapitisha ng'ombe akanisikia. Habari ilifika Musoma kabla sijanawa mikono. Mwanangu akaja akanichukua kwake Nyakato, huko huko Musoma, kwenye choo cha kukaa kama kiti cha padri.

"Mama, kijijini hurudi mpaka uchuchumae na kunyanyuka mwenyewe," akasema. "Na iwe mbele yangu, nikuone."

Basi kuku wangu, mihogo yangu na kaburi la baba yake, vyote vikawa vinasubiri magoti.

Kule kwake nikishika ufagio, "Pumzika, Mama." Nikishika ndoo, "Pumzika, Mama." Nilipumzika mpaka kochi likawa linanishinda kuinuka. Hapo ndipo wakaamua nahitaji mazoezi! Mtu anakunyang'anya jembe, halafu anakutafutia kocha.

Aliyenipeleka uwanjani, wanakofanyia mazoezi, ni mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu. Ni mtoto wa Bunda, kakulia kwenye pamba, kapalilia na kubeba mpaka shingo ikaingia mabegani. Sasa anavaa glavu ili anyanyue chupa zilizojazwa mchanga, na maji ya nyumbani analetewa na mtu wa toroli.

"Mama, leo tunaanza na kadio," akaniambia asubuhi ya kwanza.

Nikarudi ndani kuchukua kadi yangu ya kliniki. Nilipofika uwanjani nikampa kocha kwa mikono miwili. Akaisoma, presha na vyote, akanirudishia kwa adabu.

"Bibi, kadio ni mazoezi ya kuufanya moyo ukimbie."

"Ukimbie uende wapi, mjukuu wangu?"

Mkwe wangu akageukia upande wa pili, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kumbe kadio ni mchakamchaka tu. Wanakimbia wanaimba, kama sisi tulivyokuwaga tunaimba, ila sisi tulikuwa peku na mwisho wake ulikuwa uji. Mwisho wa hawa ni kupiga picha. Bosi mmoja alikuwa anakuja na gari, anakimbia kuzunguka uwanja, anarudi na gari nyumbani kwake, mtaa wa pili. Nikamwuliza kwa nini asije kwa miguu.

"Bibi, nitachoka kabla ya mazoezi."

Mimi kocha aliniwekea kiti cha plastiki. "Kaa, bibi. Simama. Usishike kitu." Akaniambia hiyo inaitwa skwati. Nikamwambia kwetu inaitwa kukaa na kusimama, na hatuvalii raba. Akacheka, lakini hakuniachia. Nilipozoea kiti akaleta kigoda. Nilipozoea kigoda akaleta tofali, akaja kuchuchumaa pembeni yangu, mkono kauweka tayari nyuma ya mgongo wangu bila kunigusa. Nilimkejeli kijana yule kila asubuhi, na kila asubuhi aliniteremsha kidogo zaidi. Magoti yalilia kama mlango wa ghala. Siku alipoliondoa tofali, nilishuka nikapanda, nikasema, "Asante, kocha."

Jumapili baada ya misa nikamwita mwanangu sebuleni. Nikakusanya kitenge, nikachuchumaa katikati ya zulia. Nikatulia pale mpaka akaanza kuhangaika yeye. Kisha nikanyanyuka, mikono kifuani.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama. Lakini kule mvua zikianza..."

"Mvua naijua."

"Na utakuwa peke yako."

"Majirani ninao."

Akakuna kichwa. "Sasa Mama, tukienda kazini, hapa nyumba anabaki nayo nani?"

Loo! Kumbe hata bila magoti nilikuwa na kazi, ile ya mbwa.

Nilikuwa nafungua mdomo, mkwe wangu akaniwahi, akamgeukia mumewe. "Baba, wewe ulimwambia Mama magoti. Habari ya ulinzi hukuisema."

Mwanangu akatuangalia sote wawili, akakosa wa kumtetea. Nikaenda kufunga mizigo. Begi langu lilikuwa uvunguni mwa kitanda. Nikashuka kulivuta, na sikumwita mtu.

Jumamosi akanirudisha Butiama, kanuna njia nzima. Kuku walikuwa wamepungua. Hata chai sikunywa, nikajifunga kitenge nikaanza kupita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuwauliza kuku wangu wameenda wapi.