Pointi Kumi na Moja

Baba yangu, Muhanna, ana miaka sabini na sita, na kila Ijumaa asubuhi anapanda milima ya nyuma ya Bustan, hapa Oman, akiwa na begi mgongoni lenye chupa nane za maji. Hazinywi. Ni uzito wa mazoezi. Akishuka anaimwagia miti ya kando ya njia, anaingia garini ametota jasho, na mimi niliyekaa nikimsubiri roho juu namuuliza kama amekunywa dawa ya presha. "Nishakunywa, bibi daktari," hunijibu. Mimi si daktari. Ni karani wa leseni za biashara, na kutwa nzima kazi yangu ni kuwaambia watu wazima kwamba karatasi zao hazijakamilika.

Mazoezi yale ni ya kondoo. Kuna jimbo moja huko Marekani, la milima mikavu kama yetu, lenye kondoo mwitu wa pembe zilizojikunja. Ni wachache, kwa hiyo anayetaka kuwinda mmoja huomba kibali, na vibali hutolewa kwa droo mara moja kwa mwaka. Waombaji ni maelfu; vibali vya wageni unavihesabu kwa vidole. Ukikosa unapewa pointi moja, na pointi zikiongezeka nafasi yako inaongezeka mwaka unaofuata. Habari hii Baba alipewa na mhandisi wa Kimarekani waliyekuwa wakifanya naye kazi kwenye mafuta. Kwanza akaenda kumuuliza sheikh kama ni kamari. Sheikh akasema kupiga kura ili kugawa kitu kilicho haba si kamari, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye jambo hilo. Hapa Oman uwindaji umekatazwa, naye si mtu wa kuvunja sheria. Hata penye uwanja mtupu, hawezi kuegesha gari mpaka aone mstari.

Miaka minne mhandisi yule alimwombea. Aliporudi kwao, kazi ikaniangukia mimi, kwa sababu mambo ya mbali Baba anayaona vizuri kuliko mimi, lakini ya karibu, hasa ya simu, hayawezi, wala hana subira ya kujifunza. Mwaka uleule alikuwa amezibuliwa mishipa miwili ya moyo. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikajaza jina lake na tarehe ya kuzaliwa, nikafika pale pa kuthibitisha. Nikamwona amelala juu ya jabali la ugenini, hana wa kumwosha wala wa kumsalia. Nikaifunga kompyuta, nikamwambia nimeshaomba.

Sijapata kusema uongo mwepesi kama ule. Kwenye droo, asiyeomba na aliyekosa wote wanarudi mikono mitupu, na hakuna anayeuliza. Kila majira ya joto Baba huniuliza, "Vipi?" Namwambia, "Hukubahatika, Baba." Husema alhamdulillahi, huingia chumbani kwake, na siku hiyo hali chakula cha mchana. Nilidhani ni kununa tu kwa mtu mzima. Miaka saba ikapita hivyo. Katikati yake Mama akafariki, tukabaki wawili katika nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini, na mimi nikazidi kushikilia, maana mmoja nilikuwa nimeshamzika.

Aliyenifikisha pabaya ni Ami Bakhit, mwenye gereji kule Ghala, rafiki wa Baba tangu walipokuwa watoto Singida. Naye aliambukizwa wazimu wa kondoo, ila yeye anaombewa na mwanawe, Samir, mwalimu wa hesabu asiyeacha kitu kipite. Alhamisi moja mwezi wa pili mwaka huu akapiga simu, sauti ikasikika hadi jikoni.

"Yakhe Muhanna! Mie nna tisa. Wewe una ngapi?"

Baba akachungulia jikoni. "Zakiya, tuna pointi ngapi?"

Nilikuwa nakatakata vitunguu. "Kumi na moja," nikasema, wala kisu hakikusita.

"Kumi na moja!" Baba akampigia kelele rafiki yake, na nikaona amefurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Basi Ami Bakhit akaeleza mpango wake. Samir ameona kwamba watu wawili wanaweza kuomba pamoja kwa fomu moja, pointi zao zikajumlishwa na kugawanywa kwa wawili. Wakipata wanapata wote, wakikosa wanakosa wote. Kilichotakiwa ni namba ya mwombaji ya Baba, na Jumamosi tuipeleke gereji, fomu ijazwe palepale.

Nilifungua tovuti ile kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, nimesimama karibu na sinki. Hazikuwepo hata zile nne za mhandisi. Sheria yao ni kwamba ukipitisha miaka mitano bila kuomba, pointi zako zinafutwa. Jina la Baba lilikuwepo, limeandikwa vizuri, na mbele yake sifuri. Nikaona aibu, na hapohapo nikaanza kutafuta uongo mwingine. Tovuti imeharibika. Namba imepotea. Mtu akishazoea, sababu hazikosekani.

Jumamosi nikamwendesha. Nilikuwa nimeamua kusema tovuti imeharibika. Baba alivaa dishdasha iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa. Tukaingia barabara ya Ghala, kwenye foleni ya malori.

"Nnataka n'kwambie kitu kabla hatujafika," akasema. "Hata mama yako sikumwambia."

Akanisimulia. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ana leseni yake na bunduki ya babu, wako porini kuelekea Itigi. Akampiga pofu jike, mkubwa kama ng'ombe, risasi ikaingia tumboni. Mnyama akakimbia. Jua lilikuwa linazama, akasikia simba, akaogopa. Akarudi garini.

"Mwindaji akijeruhi anamfata mnyama wake, Zakiya. Hata iwe vipi. Mie sikumfata. Siku ya tatu wachungaji wakanambia wamemkuta, bado anapumua." Akatazama malori. "Nikamwomba Mungu anipe mnyama mmoja tu mwengine, kwa halali, nimpige vizuri, na nikimjeruhi nimfate mpaka mwisho. Basi kila mwaka ukinambia sikupata, mie najua najibiwa. Hajanisamehe. Lakini kumi na moja, pamoja na za Bakhit... labda safari hii."

Miaka saba nilidhani namnyima kondoo. Kumbe kila mwaka nilikuwa nakwenda mlangoni kwake kumwambia Mungu amekataa, halafu namwacha chumbani, narudi jikoni kupakua wali.

Nikaegesha mbele ya gereji, gari likiwa bado linanguruma ili kiyoyozi kisizimike. Ndani nilimwona Ami Bakhit amevuta viti vitatu, na Samir na kompyuta yake. Ule uongo wa tovuti ulikuwa mdomoni tayari. Nikajua nikiutoa, Baba ataendelea kuomba toba kwa jambo ambalo hakuna aliyemkatalia.

"Baba, mimi sikuomba."

"Hukuomba nini?"

"Kibali. Hata mwaka mmoja. Niliogopa utafia huko. Miaka hii saba hukukosa, Baba. Jina lako halikuwahi kuingia. Na za mwanzo zimefutwa. Huna hata pointi moja."

Nilitegemea atanifokea. Ningeshukuru. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti.

"Miaka saba," akasema, "nnadhani nasikia jibu la Mungu. Kumbe ni wewe."

Akafungua mlango akashuka. Nikamfuata kama mtoto aliyevunja chombo. Ndani, Ami Bakhit akampokea kwa kelele na kahawa, na Samir akasema, "Ami, nipe namba tuingize hizo kumi na moja."

"Hazipo," Baba akajibu. "Sifuri. Nilimwambia Zakiya asiombe, nilikuwa mgonjwa, halafu nikasahau. Akili zishakwenda."

"Umesahau miaka yote hiyo?" Ami Bakhit akaruka. "We Muhanna wewe!"

"Ndo uzee. Nitie peke yangu, nisikuharibie zako."

Ami Bakhit akalalamika kidogo, akacheka, akakubali. Samir akajaza fomu mbili. Akamweleza Baba kwa adabu kwamba kwa sifuri nafasi ni ndogo mno, na Baba akasema ameelewa. Ilipofika pale pa kuthibitisha akaomba abonyeze mwenyewe. Samir akamwongoza kidole. Kisha Baba akampa namba yake ya simu na kumwambia, mbele yangu, bila ukali wowote, kwamba majibu yakitoka amwambie yeye mwenyewe, asipitishie kwa mtu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na rundo la matairi, nina kikombe ambacho sikukigusa.

Njiani tukirudi, nilisubiri aseme neno. Nilitaka anitukane, au aniambie yamekwisha. Nilisema nisamehe mara mbili, na mara zote mbili aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa mvua inakuja. Taa ya karibu na nyumbani ikatusimamisha.

"Zakiya."

"Naam, Baba."

"Alfajiri ile hospitali. Mie nilitoka kwenda kusali, niliporudi mama yako keshakufa. Ukanipokea mlangoni, ukanambia kasema yuko radhi na mie."

"Ndiyo, Baba."

"Alisema?"

"Alisema. Wallahi alisema, kwa mdomo wake."

Nikaapa tena, kwa sauti kubwa zaidi, nikamtajia hadi shuka aliyojifunika na upande aliokuwa ameelekea, na kadiri nilivyoongeza nilimwona anazidi kurudi nyuma kwenye kiti chake. Alitaka kuniamini. Hilo lilikuwa wazi usoni mwake, na lilikuwa wazi pia kwamba hawezi. Taa ikabadilika, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Endesha, mwanangu," akasema. "Watu wanangoja."

Na kweli Mama alisema. Nilikuwa nimemshika mkono, nimeinamisha sikio mpaka kwenye midomo yake, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine ila mimi.