Picha ya Zoila Ukutani

Targelia Imbago alifunga mashada ya waridi miaka kumi na mmoja kabla hajafanywa msimamizi wetu, na siku alipopewa koti jeupe la usimamizi alilia kama mtu aliyefiwa. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba sisi wanawake kumi na wanane wa meza za kufungia maua tungeanza kumtazama kwa jicho jingine.

Wiki tatu kabla ya Sikukuu ya Wapendanao, wakati bonde letu zima la Cayambe linakimbizana na maua, shamba la jirani lilianza kutunyemelea, likitaka tuhamie kwao. Targelia akapanda ofisini kutuombea nyongeza ya mshahara. Injinia Villacís, meneja, hakumwinulia hata macho.

"Nyongeza hakuna. Watie moyo. Bandika picha ya aliye hodari kuliko wote, uone watakavyoshindana. Na meza moja ikibaki wazi Jumamosi, wewe kaa nyumbani."

Hapo ndipo mwenzetu alipokosea. Desturi yetu ya kutomwinua mtu juu ya wenzake aliijua vizuri, ila hofu ilimpofusha. Akabandika ukutani picha ya Zoila, rafiki yake wa tangu utotoni, mwenye mikono myepesi kuliko sisi sote. Zoila yule pichani anacheka, shada kifuani, na chini pameandikwa "Bora wa Wiki".

Sisi adhuhuri tunatandika kitambaa kimoja chini, kila mtu anamwaga alicholeta, viazi, maharage, mahindi ya kuchemsha, na tunakula kwa mikono kutoka lundo moja. Pale hakuna changu wala chako. Siku ile tulikaa tukabanana makusudi, pasibaki upenyo. Zoila akasimama na viazi vyake ndani ya shali.

"Sogeeni basi, jamani."

"Malkia hali viazi," mmoja wetu akamjibu. "Nenda kakae na picha yako!"

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Siku tatu Zoila alikula amesimama, kando ya mlango wa chumba cha baridi. Siku ya nne hakuja. Tukasikia yuko kwa jirani, tena kwa mshahara uleule aliokuwa akilipwa kwetu.

Targelia akachanganyikiwa. Aliibandua ile picha kwa kucha mpaka kucha zikakatika. Kisha akafanya tunavyofanya tukitaka kuomba radhi: akachoma simbilisi wawili, wale wanyama wadogo tunaowafuga jikoni, akawalaza juu ya viazi kapuni, akafunika kwa kitambaa safi, akaenda nyumbani kwa Zoila. Anayeombwa radhi akilifunua kapu na kula, yamekwisha. Zoila hakulifunua.

"Shoga, wewe sina ugomvi nawe," alimwambia. "Walionifukuza ni watu, siyo picha. Rudi na kapu lako."

Ijumaa adhuhuri Targelia akalileta kapu lile kazini, akaliweka katikati ya chakula chetu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kuleni. Mwenyewe kalikataa. Kesho na mimi nakwenda zangu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kile chakula kilikuwa cha mtu.

"Mbona hamli? Leo nyote mmekuwa malkia?"

Neno lile likanichoma, kwa sababu mara ya kwanza lilitoka kinywani mwangu. Nikasimama, nikalibeba kapu.

"Wee Delfina, unakwenda wapi? Kengele inalia sasa hivi!" Targelia akaniita.

"Kwa Zoila."

Nilikimbia njia nzima. Nilimkuta nje ya lango la shamba la jirani, anakula peke yake, shali magotini. Hata huko hakuwa na wa kula naye. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Mimi ndiye niliyekuita malkia. Nilikuonea wivu, Zoila. Nisamehe."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akalifunua kapu, akavunja kiazi, akanipa nusu. Tulikula huku tunalia.

"Yamekwisha," akasema.

"Basi twende. Kesho meza yako ikibaki wazi, Targelia anafukuzwa."

"Siwezi, Delfina. Nikirudi, kila adhuhuri nitatazama kwanza kama mmeniachia nafasi. Sitaki kula hivyo."

Jumamosi Targelia alilivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akalikabidhi ofisini. Injinia akashuka kutuuliza nani anataka kuwa msimamizi. Ilikuwa adhuhuri, tukatandika kitambaa, tukaacha nafasi mbili, na hakuna aliyekuja kuzikalia.