Kikombe cha Shangazi

Harufu ya bati linalochemka ikinifikia kutoka jikoni, situlii. Nakaa, nasimama, natoka nje.

Kule kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, shangazi alikuwa anaumwa kifua. Dresa wa zahanati alishamwambia ugonjwa wake unaambukiza, kwa hiyo alilala peke yake, na kikombe chake cha bati kilichemshwa mbali na vyetu. Siku moja kiu ilinibana, nikakichukua. Kabla sijanywa akanizaba kofi, yeye ambaye hakuwahi hata kunifinya.

"Unataka kukohoa kama mie?"

Nililia, nikamkimbilia anibembeleze kama zamani. Akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, mikono kaificha mgongoni, machozi yanamtoka.

"Kaa hukohuko, baba. Hukohuko."